Kwa nini wahusika wengine hudoda redioni

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimenogewa na vichekesho vya zamani vya redio ya Marekani, hasa Jack Benny na Fibber McGee and Molly, maana rekodi zake zimejaa mtandaoni. Kuna wahusika wadogo wakiingia tu nacheka kabla hawajafungua kinywa. Wengine wakiingia nasogeza mbele. Cha ajabu, mara nyingi hao ninaowaruka ndio wenye sauti za vituko zaidi. Je, waigizaji wao walikuwa dhaifu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Swali lako umeshalijibu nusu mwenyewe hapo uliposema wenye sauti za vituko ndio unaowaruka. Lakini waigizaji usiwaguse. Wale walikuwa mafundi hasa, watu wa kusimama mbele ya maiki leo akawa bibi kizee, kesho akawa askari, na wewe nyumbani usimtambue. Ushahidi ninao, tena wa mtu mmoja tu.

Mtu huyo ni Shirley Mitchell. Kuanzia 1942 aliigiza Leila Ransom kwenye kipindi cha The Great Gildersleeve: mjane kutoka majimbo ya Kusini, mwenye maneno laini, anayeishi jirani na Throckmorton Gildersleeve. Mwaka 1943 akaingia pia kwenye Fibber McGee and Molly akiwa Alice Darling, msichana wa kiwanda cha vita aliyepanga chumba kwa akina McGee, mume na mke. Koo ni lilelile, miaka ni ileile ya vita. Leila wapenzi wa redio ya zamani wanamtaja hadi leo. Alice amebaki jina tu kwenye orodha ya wahusika.

Sikiliza kinachotokea Leila anapoingia. Anataka kitu kwa Gildersleeve. Anataka kuolewa, na papo hapo anapenda wanaume wengine wamtazame, Gildersleeve anajua, na wivu unamla. Akilivuta jina lake tu, "Throckmorton", mzee mzima anajikuta ameahidi jambo asiloliweza. Mwaka 1943 walifika hadi mbele ya mchungaji, ndoa ikavunjikia palepale. Sasa msikilize Alice. Ni mpangaji mwenye adabu zake. Anaingia, anasimulia habari za wavulana wake kwa kasi ya cherehani, McGee na Molly wanaitikia "ehe" na "halafu?", kisha anatoka. McGee angekuwa safarini, habari za Alice zingekuwa zilezile na angeweza kumsimulia mtu yeyote.

Mimi nilipokuwa nikirekodi michezo ya redio nilikuwa na swali moja la kuwauliza waandishi wangu kabla hatujawasha mashine: huyu anayebisha hodi ana dai gani kwa mwenye nyumba? Deni, kisasi, mapenzi, cheo, haki ya kuonewa huruma, chochote kile. Kama hana, hata umpe sauti ya bata na msemo wa kurudia kila wiki, atadoda. Watu watamcheka wiki ya kwanza kwa ugeni, ya pili kwa mazoea, na ya tatu wataenda kuteka maji.

Chukua Fibber McGee yenyewe. Kipindi kilianza 1935, kikaandikwa na Don Quinn kwa miaka mingi, na muundo wake ni rahisi: Fibber na Molly wako nyumbani, namba 79 Wistful Vista, na watu wanabisha hodi mmoja mmoja. Kila mgeni ana dakika chache. Muundo huo ni mtihani mkali, kwa sababu mgeni asiye na kazi anaonekana wazi. Gildersleeve mwenyewe alianzia hapo, akiigizwa na Harold Peary, na alifaulu kwa kuwa alikuwa jirani mwenye majivuno sawasawa na McGee. Majogoo wawili kwenye ua mmoja! McGee akijinaki, Gildersleeve hawezi kunyamaza, na wewe msikilizaji unajua kabisa hawezi. Ndiyo maana 1941 alipewa kipindi chake mwenyewe na kikasimama.

Halafu kuna Meya LaTrivia, aliyeigizwa na Gale Gordon. Huyu nampenda kuliko wote. Ni mtu mstaarabu, msomi, sauti imetulia. Kosa lake ni kutumia msemo wa kawaida mbele ya McGee na Molly. Tuseme kwa Kiswahili chetu amesema rafiki yake fulani amekalia kuti kavu. McGee atauliza la mnazi wa nani. Molly atauliza kwa nini asishuke. LaTrivia atacheka kidogo na kueleza kwamba hakuna mnazi. McGee atashangaa: sasa kuti limetoka wapi? Meya ataeleza tena, safari hii kwa haraka, na maneno yataanza kugongana mdomoni: kavu limekalia, kuti limerafiki, mpaka anafoka maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kisha kimya. Kimya kirefu kabisa. Halafu sauti ya chini, ya upole wa kutisha: "McGee..." Gordon hakuwa na sauti ya kituko hata chembe. Alichokuwa nacho ni heshima ya meya anayodai itambuliwe na watu wawili ambao hawatampa.

Mfano wa kinyume ni Mjomba Dennis, mjomba wake Molly. Kwa muda mrefu alikuwa mtu wa kutajwa tu. McGee alimsema kwa ulevi wake, Molly alimtetea, na kila msikilizaji alijichorea Mjomba Dennis wake kichwani. Wakati wa vita Bill Thompson, aliyekuwa akibeba sauti kadhaa za kipindi, alijiunga na Jeshi la Majini, na Gale Gordon naye akawa kwenye kikosi cha walinzi wa pwani. Kukawa na mapengo. Katika msimu wa 1943 na 1944 Mjomba Dennis akapewa sauti, ya Ransom Sherman. Alipokuwa hasikiki, alikuwa hoja kati ya mume na mke: kila akitajwa, Molly anapaswa kujibu na McGee anapaswa kujilinda. Alipoingia ndani na kukaa, hoja ikaisha, tukabaki na mzee mmoja anayependa kunywa. Haikuchukua muda akarudishwa kwenye kutajwa tu, mahali alipokuwa na nguvu.

Sasa twende kwa Jack Benny, maana wewe ndiye uliyemtaja kwanza. Waandishi wake walijua vizuri bosi wao wa kwenye mchezo ni mtu gani: ni bahili, ana majivuno, anapiga fidla vibaya, na kila mwaka anasema ana miaka 39. Kila mhusika mdogo aliyefaulu alikuwa na njia yake ya kubonyeza mahali pale panapouma. Mwigizaji Frank Nelson leo ni muuza viatu, wiki ijayo ni karani wa tiketi, lakini kila mara anageuka na kuvuta "Ndiyooo?" kwa furaha ya mtu aliyemngoja adui yake siku nzima. Hatuelezwi kamwe kwa nini anamchukia Benny, wala hatuulizi.

Tena mhusika mdogo hahitaji hata kusema jambo la kuchekesha. Tarehe 28 Machi 1948 Benny anatembea usiku kurudi nyumbani, ameazima sanamu ya Oscar, tuzo ya filamu, ya jirani yake mwigizaji Ronald Colman. Mwizi anatokea gizani: pesa yako au uhai wako! Benny anakaa kimya. Hadhira inaanza kucheka, kicheko kinapanda, Benny bado kimya. Mwizi anamkumbusha kwa ukali kwamba amesema pesa au uhai. "Nafikiria!" anajibu Benny. Msikilize mwizi peke yake. Hana mzaha hata mmoja, hana sauti ya ajabu, anafanya kazi yake ya wizi kama wezi wengine. Lakini amekuja na dai ambalo kwa mtu mwingine yeyote jibu lake ni jepesi, na kwa Benny halina jibu.

Sasa linganisha viongozi wa bendi ya kipindi cha Benny. Phil Harris alikaa na Benny kuanzia 1936 hadi 1952. Anaingia akimwita bosi wake "Jackson" kana kwamba walilelewa pamoja, anajisifia nywele zake, kusoma kunampiga chenga, wanabendi wake walevi, na kila neno lake linamwambia Benny: mimi nina raha kuliko wewe, na wewe ndiye unayelipa. Alipoondoka, nafasi yake akaichukua Bob Crosby, mwanamuziki mzuri, mtu mpole. Waandishi wakampa nini? Mara nyingi mno walimpa mizaha kuhusu utajiri wa kaka yake, mwimbaji Bing Crosby. Mizaha mingine ni mizuri. Lakini Bing hayupo studioni! Kicheko kinatoka nje ya chumba na kumwacha Benny amesimama, mwungwana anayezungumza na mwungwana mwenzake. Bob Crosby hakudoda kwa kukosa kipaji. Alinyimwa ufidhuli.

Mr. Kitzel, yule muuza soseji aliyeanza 1946, wapo wanaompenda sana na sitagombana nao. Mimi naona anapoingia Benny hugeuka kuwa mtu wa kuuliza maswali tu, Kitzel anasimulia habari za mkewe, mlango unafungwa. Kile ni kipindi kingine kilichopita ndani ya kipindi hiki.

SWALI: Bibi, hujambo? Mimi ni mpenzi wa Hancock's Half Hour, kichekesho cha redio cha BBC. Mwanzoni Hancock ana mpenzi wake, kisha anakuwa mwingine, kisha mpenzi anatoweka kabisa na nyumba inapata karani mkali. Mbona akina dada wale wa mwanzo hawakudumu? Walikuwa wazuri tu. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Sijambo mwanangu. Uzuri wao ndio uliowaponza, nao hawakujiandikia maneno wenyewe.

Kipindi kilianza tarehe 2 Novemba 1954, waandishi Ray Galton na Alan Simpson. Walitaka kichekesho cha hali na tabia, bila nyimbo katikati na bila misururu ya sauti za kuchekesha, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida. Hancock ni mtu aliyefulia, mwenye majivuno, anayeamini dunia imemdhulumu. Pembeni yake kuna Sid James, tapeli anayemuuzia vitu visivyo vyake, na Bill Kerr, Mwaustralia anayeishi naye. Mpenzi aliigizwa kwanza na Moira Lister, kisha Andrée Melly, ambaye katika msururu wa pili alizungumza kwa lafudhi ya Kifaransa na katika wa tatu lafudhi ikaachwa. Ukiona mhusika anabadilishiwa lafudhi katikati ya safari, jua mwandishi anatafuta mlango na haupati.

Tatizo ni hili. Mtu anayelalamika kwamba hakuna anayemthamini, halafu ana msichana mrembo, mwerevu, anayempenda, analalamika nini? Mpenzi alipaswa kuwa na akili timamu, kwa hiyo kazi yake ikawa kumwuliza Hancock anakusudia kufanya nini, kumwonya, na kumpoza. Kumpoza! Mhusika mkuu wa kichekesho hapaswi kupozwa na mtu anayemtakia mema kwa dhati. Mwaka 1956, msururu wa nne, akaingia Hattie Jacques akiwa Grizelda Pugh, karani wake. Miss Pugh anadai chakula, tena kingi, anadai heshima ambayo Hancock hampi, na kazi ya ukarani haimhusu sana. Hancock akipanda jukwaa la maneno kuhusu ukuu wake, Pugh hamwonyi wala hampozi. Anamdharau, basi. Ghafla nyumba nzima inaamka.

Ukitaka kuona ufundi wa polepole, mfuatilie Bill Kerr. Mwanzoni ni mjanja, anazungumza haraka, karibu sawa na Sid. Watapeli wawili katika nyumba moja ni wengi, na redioni, ambako hakuna sura, mtu anayefanana na mwenzake ni kama hayupo. Taratibu Galton na Simpson wakamgeuza mzito wa kuelewa, mwenye imani kamili kwa Hancock. Imani hiyo ni dai kubwa kuliko matusi, maana Hancock inambidi awe mkubwa kila dakika mbele ya mtu aliyemwamini. Ndiyo maana kipindi cha 22 Aprili 1958, kile cha Jumapili mchana ambapo hakuna kinachotokea, kinawezekana. Hancock anauliza saa, anaambiwa ni saa nane, anashangaa kwamba ni hiyo tu. Kuna miguno, mvua, na kukaa. Kila mmoja chumbani anamtazamia mwenzake amwondolee uchovu, na hakuna anayeweza.

Kenneth Williams ni kesi ngumu zaidi. Yule mhusika wake wa sauti ya puani, mbembelezi mwenye kero, akisema "Habari za jioni" tu hadhira inalipuka. Kwa kicheko alifaulu kuliko wote. Hancock mwenyewe, yaani mwigizaji Tony Hancock, hakumpenda mhusika yule. Aliona anavunja ukweli wa hadithi, na sauti ile ikapunguzwa, na Williams akaondoka mwanzoni mwa msururu wa mwisho, 1959. Mimi nacheka kila nikimsikia, na bado nasema Hancock alikuwa na haki. Sauti ile ikiingia, hadithi inasimama kumpigia makofi, na ikianza kutembea tena imeshapoa.

SWALI: Kwenye rekodi za Fibber McGee za 1944 hadhira inalipuka kwa vifijo kila Beulah, mtumishi wa nyumbani, anapozungumza. Mimi sisikii chochote cha kuchekesha kiasi hicho. Kuna nini? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Kuna kitu walichokiona wao na wewe huwezi kukiona. Beulah, mwanamke Mweusi, aliigizwa na Marlin Hurt, mwanamume Mzungu. Studioni alisimama akiwapa mgongo watazamaji, kisha anageuka ghafla kwenye maiki na sauti ile inatoka. Wale watu walikuwa wakishangilia mgeuko. Msikilizaji wa nyumbani alipelekewa kishindo bila sababu yake, na kilichobaki masikioni ni dhihaka ya zamani kuhusu watumishi Weusi. Beulah alipata kipindi chake 1945, Hurt akafariki 1946, na 1947 nafasi ikachukuliwa na Hattie McDaniel, mwanamke Mweusi mwenyewe, aliyekwisha kushinda Oscar.

Mweke pembeni ya Rochester wa Jack Benny. Eddie Anderson, aliyemwigiza, aliingia mara ya kwanza 1937 kama mhudumu wa treni, watu wakampenda, akarudishwa kuwa mtumishi wa nyumba. Miaka ya mwanzo naye alibebeshwa mizaha ya ubaguzi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Benny na waandishi wake wakaiondoa. Sikiliza kilichobaki: sauti yake ya kukwaruza, simu anayompigia bosi, mshahara anaoudai, siku ya mapumziko anayoipigania, na jinsi anavyoujua ubahili wa Benny hadi senti ya mwisho. Walipomwondolea dhihaka hakupungukiwa na chochote, kwa kuwa alikuwa na haki zake anazozidai. Beulah wa Hurt ukimwondolea dhihaka na ule mgeuko, sijui atabaki na nini.

SWALI: Shikamoo. Kikundi chetu kinaandika mchezo mfupi kwa redio ya jamii. Mhusika mkuu ni mzee anayejisifu kwamba hajawahi kuazima kitu maishani. Nimeweka jirani, mama mbea, anayeingia na kusema "Jamani dunia!" kisha anasimulia ya sokoni. Mazoezini hakuna anayecheka. Nimtoe? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Usimtoe, mpe mali yake.

Mzee amekaa na mgeni wa heshima, pengine mkwe, anamweleza kwamba mtu mwenye akili haazimi. Mama anapiga hodi. Amefuata mchi wake. Mzee anasema mchi gani. Mama anasema ule wa mwezi uliopita, na kwa kuwa amefika, atachukua na kinu. Mzee anamwambia mgeni kwamba vitu hivyo yeye anamtunzia tu huyu mama, nyumba yake ndogo. Mama anashukuru sana, na anauliza kama na ile mikeka ya jirani mwingine anaitunza tu. Mbea wako habadiliki hata kidogo, anaropoka vilevile, lakini kila anachoropoka sasa kinamng'oa mzee mahali alipokaa. "Jamani dunia!" iache mara moja tu, mwisho, aiseme mgeni.

Katika kurekodi, kinu kisikike kikiburuzwa sakafuni, na mzee aendelee kuzungumza juu ya sauti hiyo bila kupandisha yake. Jirani na mgeni wasiwe na sauti za kukaribiana. Kama mama yako ana sauti nyembamba, mtafutie mgeni mwenye sauti nzito. Na hodi ya pili ikipigwa kabla mama hajatoka, msifungue haraka. Mwache mzee aisikie kwanza, tusikie amenyamaza, ndipo mtu wa mikeka aingie.